Chombo cha Kuandikia Hati Zenye Alama

Mtu aandikaye mwongozo wa mtambo hukabiliwa na swali lisilomsumbua mwandishi wa barua: kompyuta itajuaje kwamba mstari huu ni kichwa cha sura, na ule ni onyo kwa fundi? Mwaka 1969 Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie wa kampuni ya IBM, Marekani, walianza kulijibu kwa kubuni lugha ya alama iitwayo GML. Kutokana nayo ilizaliwa SGML, iliyopitishwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1986, kisha XML mwaka 1998.

Katika lugha hizi alama haisemi maandishi yaonekaneje, bali husema ni kitu gani. Onyo hutiwa baina ya alama mbili, ya kufungua na ya kufunga. Wino wake na ukubwa wa herufi huamuliwa baadaye. Hivyo faili moja huweza kutoa kitabu na pia ukurasa wa kusomwa kwenye skrini. DocBook, iliyoanza mwaka 1991, ni sarufi ya namna hiyo kwa miongozo ya kompyuta, nayo ina mamia ya alama.

Nani awezaye kuzikumbuka zote? Hapo ndipo uchaguzi wa chombo unapokuwa na uzito. Hati yenyewe ni maandishi matupu, kwa hiyo programu yoyote ya kuhariri yaweza kuifungua. Lakini mwandishi akisahau kufunga aya, kompyuta huenda ising'amue mpaka inapofungwa sura nzima, na lawama ikaangukia mstari ulio mbali kabisa na kosa.

Emacs, iliyoanzishwa huko MIT mwaka 1976, ina dawa ya maradhi hayo. Sehemu yake iitwayo nXML, kazi ya James Clark, husoma sarufi ya hati na kupiga mstari mwekundu chini ya kosa papo hapo mwandishi anapoandika. Ubaya wake ni wingi wa amri za vidole, anayeanza hutaabika. Kwa huyo, XMLmind au oXygen huweza kumwonyesha hati mithili ya ukurasa uliokwisha chapwa, alama zikiwa zimefichwa.

Ila kuficha kuna gharama. Baadhi ya vyombo, vinapohifadhi faili, huipanga upya mistari yote. Mwandishi amerekebisha koma moja tu, kumbe mwenzake akilinganisha nakala mbili huona kurasa nzima zimebadilika, na kipimo cha mafuta kilichokosewa chaweza kumpita bila kukiona.

Kabla ya kulipia chombo chochote, ndugu msomaji, fungua hati ya zamani, badili neno moja, hifadhi, kisha linganisha nakala mbili. Ikiwa umetofautiana mstari ule mmoja peke yake, chombo hicho chafaa kukabidhiwa kazi ya watu wengi.