Shule ikisema mtoto hatulii darasani

Ndugu mzazi, mwalimu akipiga simu kusema mtoto hakai kitini, anakatiza wenzake na hamalizi kazi, wengi wetu tunasikia jambo moja tu: mtoto hana adabu. Fimbo inafuata, na kesho simu inalia tena.

Kuna hali inaitwa ADHD. Mtoto anapata shida kutuliza mawazo, kungoja zamu na kupanga kazi. Si wazimu, si laana, wala si malezi mabaya. Kambini tulisoma zaidi ya watoto mia kwa mwalimu mmoja, nani angeigundua? Lakini si kila asiyetulia anayo. Mtoto asiyeelewa Kiingereza, asiyelala vizuri au aliyepitia vita anaweza kuonyesha dalili hizohizo. Ndiyo maana anahitaji kuchunguzwa.

Hapa Marekani, katika shule ya serikali, una haki hizi:

1. Unaweza kuomba uchunguzi wewe mwenyewe, bila malipo. Andika barua fupi, weka tarehe, ubaki na nakala.

2. Uchunguzi wa kwanza unahitaji saini yako. Ukishatia saini, sheria ya taifa inaipa shule siku 60, ila baadhi ya majimbo yana muda wao.

3. Mkalimani ni bure. Usikubali mtoto atafsiri kikao kinachomhusu yeye.

4. Shule haiwezi kusema mtoto lazima anywe dawa ndipo asome. Hilo ni lako na daktari.

Akikutwa nayo, anaweza kupata mpango wa 504, unaotokana na sheria ya mwaka 1973, au mpango wa IEP ikiwa anahitaji mafundisho maalumu. Humo huandikwa mambo kama kukaa karibu na mwalimu, kupewa maagizo mojamoja, kuongezewa muda wa mtihani, au kuruhusiwa kusimama kidogo. Hakikisha yameandikwa. Ahadi ya mdomo haimfikii mwalimu wa mwaka ujao.

Nyumbani pia, mpe jambo moja kwa wakati. "Leta daftari." Akilileta, msifu papo hapo, kisha mwambie la pili.

Ukipata barua ya shule usiyoielewa, usiitie saini wala usiitupe. Ilete ofisini tuisome pamoja kabla ya siku ya kikao.