Dereva wa hesabu naye ni mwajiriwa

Stendi ya Sanya Juu, mwenye gari huitwa tajiri hata kama ni mwalimu mstaafu aliyenunua Noah moja kwa kiinua mgongo. Utaratibu wake unajulikana. Dereva anachukua gari alfajiri, anapiga ruti za Boma Ng'ombe na Moshi, jioni anapeleka hesabu, yaani kiasi walichopatana cha kila siku. Kinachobaki baada ya mafuta na posho ya konda ni chake. Karatasi hakuna. Ukimuuliza tajiri ana waajiriwa wangapi, atakujibu hana hata mmoja, ana dereva wa hesabu tu.

Sheria haimuungi mkono. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 kinasema anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa. Je, anaelekezwa namna ya kufanya kazi? Amepewa vitendea kazi? Anamtegemea mtu huyo kiuchumi? Anamfanyia kazi yeye peke yake? Amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita?

Sasa itazame ile Noah. Gari ni la tajiri, na leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni ya tajiri. Dereva akikosa hesabu siku mbili mfululizo, funguo anapewa mwingine. Vigezo vimetimia zaidi ya kimoja, na namna ya malipo haivifuti. Hata deiwaka, dereva wa kushikizwa anayeshika usukani siku tano kwa mwezi, saa tisa kila siku, anazifikisha zile 45.

Akishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaingia. Mwajiri anatakiwa kumpa maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, saa za kazi, malipo na yanavyokokotolewa. Ukurasa mmoja unatosha. Asiyekuwa nao ndiye atakayehangaika, kwa sababu mgogoro ukifika mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia mwajiri. Dereva akisema mlikubaliana siku moja ya mapumziko kila wiki, kukana kwa mdomo tu hakutakusaidia.

Saa za kazi ndizo zinazowaponza wengi. Kawaida ni saa 45 kwa wiki. Ukijumlisha na za ziada, siku moja haizidi saa 12. Dereva anayeondoka saa kumi na moja alfajiri na kuegesha saa mbili usiku ameshapita kiwango, na abiria wanapanda gari la mtu aliyechoka. Kwangu mimi, hesabu kubwa ni chanzo kikubwa zaidi cha mwendokasi kuliko utovu wa nidhamu tunaopenda kuulaumu.

Kuna pia ajali. Bima ya lazima ya gari inawalinda watu wengine, haimlindi dereva aliyevunjika mguu akiwa kwenye usukani. Hilo ni jukumu la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaopokea michango ya waajiri tangu 2015. Mchango unatoka kwa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye ujira wa dereva.

Madai ya dereva kutambuliwa kama mwajiriwa si mageni. Madereva walipogoma nchi nzima Aprili na Mei 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa waliyoyataka. Uingereza nako, Februari 2021, Mahakama ya Juu iliwakatalia Uber hoja kwamba madereva wao wa London ni wafanyabiashara wanaojitegemea.

Bodaboda wa mkataba, yule anayelipa kila wiki mpaka pikipiki iwe yake, ni suala gumu zaidi. Kwake hoja ya mwenye chombo ina uzito, maana makubaliano yanakaribia mauzo ya polepole. Lakini nayo yaandikwe.

Dereva aliyeondolewa kazini asikae kijiweni akisubiri tajiri apoe. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama malimbikizo ya ujira, ndani ya siku 60. Akichelewa, itabidi kwanza aieleze tume sababu nzito za kuchelewa kwake.