Sumu Ileile, Maji Tofauti

Katika nchi kavu kama ya Mgori, mkoani Singida, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, maji ya lambo hayabaki yaleyale mwaka mzima: kiangazi kinapoingia jua huyapunguza, chumvi zilizoyeyuka humo huzidi kukolea, na samadi ya ng'ombe wanaokuja kunywa hurutubisha mwani hadi maji yakawa kijani. Mabadiliko hayo huamua, pengine kuliko wingi wa sumu yenyewe, ni kiasi gani cha sumu kitakachoingia katika miili ya viumbe wadogo waishio humo.

Mfano ulio wazi ni mrututu, yaani chumvi ya buluu ya shaba, ambao wakulima huunyunyizia mizabibu na mibuni dhidi ya ukungu, na ambao zamani ulitumika kuua konokono wanaoeneza kichocho. Kipimo kinachoua konokono katika maji laini huweza kushindwa kabisa katika maji ya magadi au yenye matope mengi. Sababu ni kwamba shaba hudhuru hasa ikiwa ioni huru, yaani chembe yenye chaji ya umeme isiyofungamana na kitu kingine. Katika maji ya magadi hushikwa na kaboneti. Katika maji yenye rangi ya chai yanayopita kwenye majani yaliyooza, kama yale ya misitu ya miombo, hushikwa na mabaki ya mimea. Na katika maji magumu, yale yasiyotoa povu la sabuni kwa urahisi, kalsiamu huitangulia kukalia nafasi zake kwenye matamvua.

Dafnia, mdudu-maji wa milimita chache ambaye gamba lake ni angavu kiasi kwamba moyo wake huonekana ukidunda chini ya hadubini, huonyesha jambo hili vizuri. Shaba huziba njia anazopitishia sodiamu kutoka majini, naye, akiendelea kupoteza chumvi ya mwili bila kuirudisha, hufa. Ndiyo maana mwaka 2007 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipendekeza kikomo cha shaba kikokotolewe kwa kuzingatia kemia ya maji husika, hatua iliyostahili kuchukuliwa mapema zaidi.

Amonia itokanayo na samadi na mkojo hufuata mkondo wa kinyume, kwa kuwa magadi huiongezea ukali. Katika nyuzijoto 25, pH (kipimo cha uasidi na ubesi wa maji, ambacho magadi hukipandisha) ikiwa 7, sehemu isiyo na chaji, ambayo hupenya utando wa matamvua kwa wepesi, haifiki asilimia 1. pH ikiwa 9, hupita theluthi moja. Samaki wadogo wa Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako pH hukaribia 10, huiepuka hatari hiyo kwa kutoa taka zao kama urea, uwezo ambao samaki wengi hawana.

Tena mwani, unapovuta kaboni dioksidi mchana, hupandisha pH, hivyo lambo lililo salama alfajiri huweza kuwa na sumu alasiri. Kwa hiyo mpimaji anayechota sampuli huko asiandike kiasi cha shaba au amonia peke yake. Aandike pia pH, joto, ugumu wa maji na saa aliyochota.