Mudimbe aliandika nini, na sisi watu wa Kasongo na Kabambare yatuhusu nini?



Mwezi wa nne 2025, profesa V.Y. Mudimbe alifariki kule North Carolina, Marekani, akiwa na miaka 83. Wengi wetu tulisema "ah, yule mwanafalsafa," halafu tukapita. Jina lake tunalijua. Lakini ukiuliza nani alisoma kitabu chake mpaka mwisho, mikono inabaki chini. Mimi pia nilikuwa mu kundi hilo. Leo nataka kueleza kazi zake, maana ziko za aina nyingi, na zinatugusa sisi kuliko tunavyofikiri.

Alizaliwa 1941 Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville. Ni mtoto wa Katanga, mahali Kiswahili kinasemwa njiani sawa kwetu. Akiwa kijana aliingia monasteri ya Wabenedikto kule Rwanda, akatoka, akaendelea na masomo mpaka udaktari Louvain 1970, halafu akafundisha Lubumbashi. Mobutu alipokataza majina ya kizungu, Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka: herufi V.Y. zikabaki palepale (akili hiyo, bwana!). Mobutu alipotaka kumuweka mu Komite Santrali ya MPR, alihama nchi, karibu 1980. Toka hapo alifundisha Marekani, Haverford, Stanford, na zaidi Duke.

Alianza na mashairi: Déchirures ya 1971, Entretailles ya 1973, na mengine. Ni magumu, na sitajifanya mtaalamu wayo. Nayapita.

Riwaya njo mahali nawaomba tusimame. Entre les eaux, ya 1973, inasimulia padri Pierre Landu, mkongomani aliyesoma Roma, anayeacha parokia na kujiunga na waasi porini. Anaona Kanisa limesimama upande wa wenye nguvu. Lakini kule porini pia hawamwamini, naye hawaamini kabisa. Mwisho anajificha mu monasteri. Le Bel immonde, 1976, iko Kinshasa ya 1965: waziri anampenda mwanamke wa baa, na baba ya yule mwanamke alikuwa mkubwa wa waasi, serikali ikamwua. L'Écart, 1979, ni daftari za Nara, mwanahistoria anayetaka kuandika upya historia ya Wakuba na akili inamchanganyikia. Shaba Deux, 1989, ni kumbukumbu za sista mmoja mu vita ya Kolwezi ya 1978.

Sasa niambie: nani mu Kasongo ao Kabambare hana mzee mu familia aliyeona Simba wakiingia 1964? Nani hajasikia habari za mapadri, masista, walimu, makarani waliolazimishwa kuchagua upande kati ya usiku na asubuhi? Mudimbe hakuandika juu ya Maniema. Lakini nilipomaliza Entre les eaux nilimwelewa vizuri zaidi mjomba wangu, ambaye ukimuuliza habari ya mwaka ule anajibu paka kwa kusafisha miwani.

Tuje ku kazi ya uhakiki, maana njo iliyompa jina duniani. The Invention of Africa kilitoka 1988, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Herskovits kule Marekani. Ni kizito. Wazo moja tu nitalieleza, lile analoliita maktaba ya kikoloni. Anasema hivi: wasafiri, wamisionari, maofisa na wataalamu wa mila waliandika juu ya Afrika miaka na miaka, kila mmoja akimnukuu mwenzake, mpaka maandishi yao yakawa sawa chumba kilichofungwa. Na sisi tulipokwenda shule, tulijifunza kujitazama tukiwa ndani ya chumba kile. Hata mwafrika anayebisha anabisha kwa maneno aliyoyakuta mule.

Mfano uko kwetu. Ukitaka kuandika juu ya Kasongo na Nyangwe, utaanza na nini? Livingstone, aliyeona watu wakiuawa mu soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Stanley, aliyepita 1876. Hinde, daktari mwingereza wa jeshi la Leopold, na kitabu chake cha 1897 juu ya kuanguka kwa "Waarabu wa Kongo". Hata neno "arabisés", ambalo wabelgiji walitupachika na ambalo wengine wetu bado wanalitumia kwa kujisifu, limetoka mu chumba kile.

Mtu anaweza kubisha: na Tippu Tip? Kweli, yeye alieleza maisha yake kwa Kiswahili, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na Bontinck akakileta kitabu kwa Kifaransa 1974. Mimi nakipenda sana. Lakini ile ni sauti ya tajiri wa pembe na watumwa. Mama wa kibangubangu aliyebeba pembe ile ku kichwa haongei mule ndani.

Nasema haya kwa sababu iko na historia. Mu kazi yangu ya lisansi niliweka maneno ya mzee mmoja wa Nyangwe, mambo aliyopokea kwa babu yake juu ya lile soko. Mwalimu aliyenisimamia alipiga mstari mwekundu: "Rejea iko wapi?" Nikafuta, nikamuweka Livingstone. Nikapata alama nzuri. Mzee yule alikufa miaka miwili baadaye, na daftari yenye maneno yake sijui iko wapi.

Lawama ninayo pia kwa Mudimbe. Aliandika kwa Kifaransa na Kiingereza, na kwa lugha ambayo hata mwenye lisansi anatokwa jasho. Mjomba wangu hawezi kumsoma.

Kwa anayetaka kuanza, aanze na Le Bel immonde, ni kifupi na hadithi inakwenda mbio. Yule wa falsafa asubiri. Mimi mwezi huu nimenunua daftari mpya na betri za redio ya kurekodi, na Jumapili nitarudi kwa mjomba. Sitamuuliza habari ya Simba kwanza. Nitamuuliza nani alikuwa mwalimu wake wa darasa la tano.