Abiria akizua vurugu, polisi ana mipaka

Milango ya ndege ikishafungwa, mwenye kauli ya mwisho ni rubani. Mkataba wa Tokyo wa 1963, katika safari za kimataifa, unamruhusu kumdhibiti abiria anayehatarisha wenzake na kumkabidhi kwa polisi ndege ikitua. Mamlaka hayo ni makubwa kwa sababu hatari nayo ni kubwa. Agosti 25, 2010 ndege ndogo ya Filair ilianguka Bandundu, Congo, watu 20 wakafa. Mtu mmoja tu alinusurika, akasimulia kwamba mamba aliyefichwa ndani ya begi alitoka, abiria wakakimbilia mbele na ndege ikayumba.

Milango ikifunguliwa, polisi anapokea mtuhumiwa, na hapo Katiba ya Congo ya Februari 18, 2006 inamwekea mipaka. Kifungu cha 18 kinadai aliyekamatwa aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, kwa nini anakamatwa. Hilo la lugha lina uzito Bukavu. Mama mfanyabiashara anayesema Kiswahili na Mashi asitie sahihi PV (hati ya maelezo) ya Kifaransa kabla hajasomewa na kufafanuliwa. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa zake au wakili. Kasho (mahabusu ya polisi) haizidi saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe parquet (ofisi ya mwendesha mashtaka). Kwa hiyo jamaa waulize mapema: OPJ (ofisa wa polisi ya upelelezi) ameandika alikamatwa saa ngapi?

Kinachoniuma zaidi ni polisi kuitwa kumnyamazisha abiria anayedai nauli yake baada ya safari kufutwa. Huo ni ugomvi wa tiketi, wa kumalizwa na kampuni au mahakama ya madai. Akimpiga mtu au akivunja kompyuta ya kaunta, hapo kuna jinai. Na kosa likiwa dogo, OPJ anaweza kupendekeza faini ya maafikiano, lakini pesa hizo ni za hazina ya Serikali. Dai risiti.

Tangu waasi wa M23 walipouteka uwanja wa ndege wa Kavumu, Februari 2025, wengi wetu wa Bukavu tunavuka mto Rusizi kupanda ndege Kamembe, Rwanda. Bukavu iko mikononi mwa wengine, lakini Katiba haijafutwa. Ng'ambo ya mto ni sheria ya Rwanda, na mpelelezi anaweza kumzuia mtuhumiwa hadi siku 5. Ukikamatwa huko, omba konsula wa Congo aarifiwe. Mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki hiyo.