Mteremko wa Rusizi na bei ya ubaridi

Faranga 1,000 za umeme hazina uzito mmoja mwezi mzima. Mwenye mita ya kashi pawa, ile ya kulipia kabla ya kutumia, nyumbani analijua hilo bila kufundishwa. Kwa bei zilizoanza kutumika Rwanda Januari 2020, uniti (yaani kilowati-saa) 15 za kwanza za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja, zilizofuata hadi 50 zikawa 212, na baada ya hapo 249. VAT ya asilimia 18 ilikuja juu yake. Basi elfu moja ya tarehe mosi ilileta uniti tisa na nusu, na elfu hiyo hiyo, kwa aliyekwisha kuvuka uniti 50, ilileta tatu na ushei. Bei zimebadilika tangu hapo, ila ngazi bado ipo: mtumiaji mdogo anahurumiwa, mkubwa anabanwa.

Kwenye ngazi hiyo hebu tupandishe kiyoyozi. Chukua nyumba ya Nyakarenzo, wilayani Rusizi, yenye taa, redio na chaja za simu, inayomaliza uniti 15 kwa mwezi. Kwa bei zile ililipa faranga 1,575 pamoja na kodi. Mfungie mwenye nyumba kiyoyozi cha BTU 12,000, saizi ya chumba cha kulala. Kompresa ikinguruma hula karibu kilowati moja. Kikiwashwa saa nne usiku na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa kompresa hupumzika chumba kikishapoa, tukisie uniti tano. Kwa mwezi ni 150, na zote zinaanzia pale uniti za huruma zilipokwisha. Nilipiga hesabu mara mbili nikidhani nimekosea: bili nzima, kwa bei zile zile, faranga 44,120. Yaani mara 28 ya alichozoea kulipa, na hapo hatujanunua kifaa wala kumwita fundi.

Mtu wa Nyakarenzo atacheka, na ana haki. Kwake jioni ni ya sweta. Uwanja wa ndege wa Kamembe, jirani tu, uko karibu mita 1,590 juu ya usawa wa bahari, na katika vilima hivi blanketi ndilo lenye kazi usiku. Lakini ashuke kusini hadi Bugarama, bonde la chini kabisa nchini, mita 900 na ushei. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita kila upandapo mita 1,000, kwa hiyo safari hiyo fupi peke yake inaongeza kama nyuzi nne. Huko ndiko kwenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na huko hata ardhi inatoa maji ya moto, chemchemi za Mashyuza. Maneno ya kiyoyozi hayachekeshi mtu Bugarama.

Na hapa ndipo mto Rusizi unaponifurahisha, kama si kunikera. Unatoka Ziwa Kivu, mita 1,460, ukaporomoka hadi Tanganyika, chini ya mita 800. Poromoko hilo ndilo linalozungusha mitambo: Rusizi ya Kwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha Rusizi ya Pili tangu 1989, inayoendeshwa na SINELAC, kampuni ya Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja. Poromoko hilo hilo ndilo linalowashusha watu kwenye joto. Sehemu ya umeme wa maji haya hufika Bujumbura, ukingoni mwa Tanganyika, ambako viyoyozi vina kazi kweli. Mto unauza dawa ya ugonjwa unaouleta wenyewe.

Kabla ya kununua dawa hiyo, mtu wa bondeni angepiga hesabu ya feni. Feni ya mezani ya wati 50, kwa saa zile zile za usiku, inakula uniti 12 kwa mwezi. Katika nyumba yetu ya mfano, kwa bei zile, zingeongeza kama faranga 3,000. Feni haipozi chumba, inapoza ngozi, na kwa mtu aliyelala hilo linatosha. Kisha aangalie juu. Bati lisilo na dari hukaanga nyumba mchana kutwa, na kiyoyozi kikiwekwa chini yake kitakuwa kinapigana na jua. Mbu nao wana mkono katika bili: kwa kuwaogopa watu hufunga madirisha jua linapozama, joto likabaki ndani. Wavu wa dirishani hulipiwa mara moja, wala hauombi uniti.

Aliyekwisha kununua kiyoyozi asafishe chujio, maana vumbi huilazimisha kompresa kufanya kazi muda mrefu zaidi. Na fundi akimwambia kila mwaka kwamba gesi imekwisha, amuulize inavujia wapi. Gesi ya kiyoyozi si mafuta ya pikipiki. Huzunguka tu ndani ya mabomba, na ikipungua kuna tundu. Gesi hizo ndizo zilizowakusanya wajumbe wa dunia Kigali, ambako tarehe 15 Oktoba 2016 walikubaliana kupunguza zile za jamii ya HFC, zinazopasha joto dunia mara mamia au maelfu kuliko hewa ya ukaa. Mapatano hayo yanaitwa kwa jina la Kigali, mji wa vilima ambako nyumba nyingi hazina kiyoyozi.

Jioni, dereva wa pikipiki anayepanda kutoka Bugarama hufika mahali akasimama, akafungua jaketi alilolifunga kiunoni, akalivaa na kupandisha zipu mpaka shingoni. Ukimwona hivyo, jua umekaribia Nyakarenzo.