Pikipiki Yako Inakula Hewa Gani?

Ndugu msomaji, kama una pikipiki, au kama kijana wako anaendesha bodaboda, habari hii inakuhusu. Isome polepole. Kama jirani yako ana pikipiki na hajui kusoma, msomee.

Wakati wa kiangazi barabara zetu za vijijini hujaa vumbi. Na wakati huo huo ndipo vijana wengi wanapopeleka pikipiki zao kwa fundi na kumwambia, "Nifungulie pumzi." Fundi anachukua drili, au msumari uliopashwa moto. Anatoboa boksi la hewa lililo chini ya kiti. Wengine wanalifungua boksi lote na kulitupa, kabureta inabaki mdomo wazi. Ukiwauliza kwa nini, wanakujibu kwamba injini ikipata hewa nyingi hupata nguvu nyingi.

Jibu hilo lina ukweli kidogo ndani yake. Ndiyo maana linawadanganya watu.

INJINI INAVYOPUMUA

Tazama jiko la mkaa. Mkaa bila hewa hauwaki. Ndiyo maana mama anapepea jiko. Petroli nayo haiwezi kuwaka bila hewa.

Pistoni ikishuka ndani ya silinda, inavuta hewa kutoka nje. Hewa hiyo inaingia kwanza katika boksi la hewa. Inapita kwenye chujio, ambalo mafundi hulitaja kwa jina la ea klina. Kisha inaingia katika kabureta. Humo ndani hewa inapita kwa kasi na kufyonza petroli kupitia kitundu chembamba cha shaba kiitwacho jeti. Hewa na petroli vinaingia pamoja kwenye silinda. Pistoni inapanda na kuvibana. Plagi inatoa cheche. Mchanganyiko unawaka, pistoni inasukumwa chini, gurudumu linazunguka.

Sasa sikiliza kipimo chake. Kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Tukihesabu kwa lita, lita 1 ya petroli inakula hewa lita 9,000 hivi. Hizo ni sawa na mapipa makubwa 45, yale ya lita 200. Ukienda gulioni na kurudi ukatumia lita 2, pikipiki yako imevuta mapipa 90 ya hewa ya barabarani. Na hewa ya barabarani unaijua wewe mwenyewe. Tazama shati lako jioni.

Watu waliotengeneza pikipiki walipima mambo haya kabla ya kuiuza. Walichagua ukubwa wa boksi, uzito wa chujio na upana wa jeti ili vyote vipatane. Boksi lile ni ghala la hewa iliyotulia, ili pistoni ikivuta isikose. Tena linazima sauti.

UKITOBOA, NINI KINATOKEA?

Hewa inaongezeka kidogo. Lakini jeti ni ile ile. Na kwa kuwa hewa sasa inaingia bila kizuizi, mvuto unaofyonza petroli kwenye jeti unapungua. Basi hewa imezidi na petroli imepungua. Mafundi husema injini inachoma kavu.

Injini inayochoma kavu hupata joto kali. Inakatakata ukiongeza mafuta ghafla. Inapiga makofi kwenye ekzosi ukiteremka mlima. Ukiibebesha mizigo mizito na kuipandisha kilimani kwa muda mrefu, pistoni inaweza kuvimba na kukwama ndani ya silinda.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Safiri kwa mwendo wa kawaida kilomita kadhaa, zima, acha ipoe, kisha fungua plagi. Itazame ncha yake. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeupe kama chokaa, inachoma kavu. Ikiwa nyeusi na yenye masizi, petroli imezidi, au chujio limeziba.

"Lakini mbona ikitobolewa inanguruma kwa nguvu?" Naam, inanguruma. Boksi lililokuwa likizima sauti limetobolewa. Kelele ile ni ya hewa inayofyonzwa. Haikuongezi hata gunia moja la mahindi. Pima kwa kilima, usipime kwa sikio. Chagua kilima unachokijua, beba mzigo ule ule, tumia gia ile ile, uone kama pikipiki iliyotobolewa inafika juu upesi kuliko zamani.

VUMBI NI MSASA

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na hapa nataka tukae kidogo.

Vumbi letu lina chembe za mchanga. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Usidharau udogo wake. Wewe mkulima unajua jembe jipya linavyoliwa na udongo wa kichanga katika misimu michache tu, na jembe lako halizunguki mara elfu kwa dakika. Vumbi likipita bila kuchujwa linanasa kwenye oili iliyopakaa ukuta wa silinda. Vumbi na oili vikichanganyika vinakuwa dawa ya kusaga, ile ile ambayo mafundi huitumia kusagia valvu. Kila pistoni inapopanda na kushuka, msasa huo unakula ringi na ukuta wa silinda. Vumbi jingine linashuka na oili mpaka kwenye beringi za chini.

Hutaona kitu mwezi wa kwanza. Ndiyo hatari yake. Pikipiki inakwenda, kijana anajisifu. Baadaye oili inaanza kupungua kila wiki ingawa haivuji. Halafu moshi wa buluu unatoka nyuma. Kuwasha asubuhi kunakuwa kazi. Nguvu inapungua, kwa sababu ringi zilizolika haziwezi kubana hewa. Hapo mwenyewe anadhani pumzi haitoshi, anakwenda kutoboa tundu jingine!

Mwisho ni kufungua injini. Silinda inachongwa, na pistoni kubwa zaidi inanunuliwa. Ikiwa imelika sana, silinda nayo inanunuliwa. Uliza bei dukani, kisha uliza bei ya chujio jipya. Mwenye pikipiki ya mkopo apige hesabu nyingine tena. Siku zile injini imelala kwa fundi, marejesho ya mkopo hayalali.

Katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma kijana mmoja alitoa boksi lake baada ya mavuno. Kabla mvua hazijaanza, pikipiki ilikuwa inatoa moshi kama tanuri la matofali. Usiku mmoja aliitwa kumpeleka zahanati mama mwenye uchungu wa uzazi. Wakiwa katikati ya mlima, pikipiki ikakosa nguvu, ikazima. Mama alitembea akishikwa mkono na mama mkwe wake, kijana akisukuma pikipiki nyuma yao. Walipata msaada wa trekta lililokuwa likirudi na kuni. Mama alijifungua salama, lakini tangu siku ile familia hiyo haimwiti tena kijana yule. Wana haki.

KWA NINI BASI NGUVU INAPUNGUA?

Mara nyingi pikipiki iliyochoka haihitaji tundu. Chujio limeziba. Au plagi imekwisha, valvu hazina nafasi yake, mnyororo umekauka, matairi hayana upepo. Anza na hayo.

Na wewe unayeishi juu milimani, kama ndugu zetu wa Njombe na Makete, una sababu nyingine. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ina uzito wa karibu sehemu nne tu katika sehemu tano za hewa ya pwani. Pikipiki iliyokwenda vizuri Tanga itapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake ikifika huko. Kutoboa boksi hakuwezi kuirudisha hewa ambayo haipo. Tena huko juu tatizo la kawaida ni petroli kuzidi, plagi inakuwa nyeusi. Dawa yake ni jeti yenye tundu dogo kidogo. Ukishuka kuishi bondeni, rudisha ile ya zamani, la sivyo itachoma kavu.

KUSAFISHA CHUJIO

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe. Wakati wa vumbi ifanye kila wiki, hata kama kitabu cha pikipiki kinataja kilomita nyingi zaidi. Kwanza futa vumbi nje ya boksi, ndipo ufungue kifuniko. Ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Usisahau kukitoa baadaye!

Kama chujio ni la sponji, lifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni, au kwa mafuta ya taa mbali na moto. Usifulie petroli. Mvuke wa petroli unadaka moto upesi, na umekwisha kuunguza watu na nyumba. Kamua kwa kuliminya katika viganja viwili. Usilisokote kama nguo, litachanika. Lianike kivulini mpaka likauke kabisa. Kisha lipakae oili safi kidogo ya injini na uliminye ili oili ienee na ile iliyozidi itoke. Sponji kavu halishiki vumbi dogo. Oili ndiyo inayolinasa.

Kama chujio ni la karatasi, usilifue wala usilipake oili. Ligongegonge taratibu, kisha lipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Likichanika au kubadilika kuwa jeusi, nunua jingine. Kipande cha godoro au soksi hakifai. Godoro halina matundu ya kipimo hicho, na likioza vipande vyake vinavutwa ndani.

Ukirudisha, hakikisha chujio limekaa sawasawa pande zote. Kagua pia mpira unaounganisha boksi na kabureta, na ule unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na ufa, vumbi linapita hapo hata kama chujio ni jipya.

KAMA BADO UNATAKA KUBADILI

Sitakuficha. Wako wanaoweka chujio lenye kupitisha hewa nyingi zaidi na wakapata nguvu kidogo, hasa kwenye mwendo wa kasi. Wenye mashindano hufanya hivyo. Lakini hawatoboi na kuondoka. Wanabadilisha na jeti, wanaweka yenye tundu kubwa kidogo. Wanainua sindano ya kabureta kwa kushusha klipu yake mfereji mmoja. Wanatazama plagi, wanajaribu, wanatazama tena. Na chujio linabaki palepale. Pikipiki mpya zisizo na kabureta zinapuliza petroli kwa mtambo wa umeme. Hizo fundi wa kijijini asiziguse bila vifaa vya kupimia.

Kwa mtu wa kubeba mazao na abiria, sioni faida. Nguvu anayoihitaji ni ya mwendo mdogo, mlimani, na mzigo nyuma. Boksi la kiwandani limepimwa kwa kazi hiyo.

Ikiwa lako limekwisha kutobolewa, usikate tamaa. Matundu madogo yazibe kwa gundi ngumu ya plastiki, uhakikishe hakuna unga wala vipande vilivyobaki ndani. Boksi likiwa limetupwa, tafuta jingine la aina ile ile kwa mafundi wanaouza vipuri vilivyotumika. Mwambie fundi arudishe jeti ya ukubwa wa kwanza; namba yake imeandikwa juu yake kwa maandishi madogo sana. Na ule mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kupumua ndani ya boksi, urudishe mahali pake. Usiuache unaning'inia kwenye vumbi.

Fanya kazi hiyo kabla ya masika. Boksi lenye matundu huingiza maji pia unapovuka kijito. Ikitokea pikipiki imekunywa maji ikazima, usipige kiki. Maji hayabaniki kama hewa, na mkono wa pistoni unaweza kupinda. Fungua plagi kwanza, uyatoe maji yote, mwaga oili kama imegeuka nyeupe, uweke mpya, kausha chujio, ndipo uwashe.